Casilda Hajamaliza

Casilda akizungumza, usimkatize. Hapa kwetu Hatillo Seco hilo hata watoto wa chekechea wanalijua. Anasema nusu ya maneno, anavuta pumzi, anatazama chini, ndipo analeta nusu iliyobaki. Ukiwa na haraka zako utaondoka na nusu, na hiyo nusu itakuponza. Siku moja alikwenda dukani kwa mzee Fello akasema, "Nijazie mafuta." Mzee Fello, mtu wa papara tangu ujana wake, akakamata chupa akamimina mafuta ya kupikia mpaka shingoni. Casilda akamalizia, "Ya taa." Mpaka leo tukitaka kumchokoza Fello tunapita pale dukani tunamuuliza kama mafuta ya taa yanafaa kukaangia ndizi.

Mimi ndiye Nurys, mwenye saluni ya kona, na mdomo wangu hauna breki, sikatai. Tumekua pamoja na Casilda, nyumba kwa nyumba. Mume wake alipoondoka kwenda zake, ni mimi niliyemsaidia kubeba vitanda. Alipojifungua mtoto wake wa pekee, ni mimi niliyemshika kichwa kwenye maji ya ubatizo. Mtoto huyo ndiye Anyelina. Casilda alimlea kwa pipi za maziwa, zile anazozipika kwenye sufuria kubwa, anakoroga asubuhi mpaka mkono unakufa ganzi, kwa sababu maziwa ukiyaacha kidogo tu yanashika chini. Pipi hizo zilimsomesha msichana mpaka akawa mwalimu wa chekechea.

Anyelina hakurithi ule ukimya wa mama yake. Alinirithi mimi, wanasema. Alikuwa akiingia saluni hata wateja waliokuwa wananuna wanacheka. Aliolewa na Wilkin, kijana mwashi, mpole, anayejenga hoteli za watalii huko mashariki na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Walipopata mimba walifurahi mpaka wakatuchosha. Jina lilishachaguliwa, kitanda kilishapakwa rangi. Jumamosi moja alikuja nimtengeneze nywele. Nikamfunga roli, nikamkausha, nikamsimamisha karibu na dirisha nimpige picha kwa simu yangu. Akaweka mkono juu ya tumbo, tumbo lenyewe ndiyo kwanza linachomoza. Nikamwambia, "Ficha hayo meno, utamtisha mtoto." Ndipo akacheka hasa, na picha ikatoka akiwa anacheka hivyo.

Mwezi haujaisha, chupa ya uzazi ikapasuka. Mimba ilikuwa changa mno. Hospitali yetu ikamsukumia mji mkuu, na huko Santo Domingo wakamlaza, wakampima, daktari akamwita Casilda pembeni. Mtoto hataishi, akasema, hakuna namna. Lakini moyo wake bado unadunda, na maadamu unadunda, sisi hatuwezi kugusa kitu. Nchi hii, ndugu zangu, sheria yake haina mlango wala dirisha: kutoa mimba ni jela, hata mama akiwa anakata roho.

"Daktari," Casilda akasema, "binti yangu anasema..."

"Naelewa, mama," daktari akamkatiza. "Lakini mimi nina watoto, na sheria ni sheria."

Hakungoja amalizie. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Na alichotaka kumalizia ni hiki, maana Anyelina alikitamka mbele yetu sote wawili, homa ikiwa imempanda, midomo imekauka, amemshika mama yake mkono: "Mama, waambie nataka kuishi. Waambie nitazaa mwingine. Waambie, Mama."

Wakangoja. Moyo wa mtoto uliposimama ndipo wakakimbia na machela, na sumu ilishaingia kwenye damu. Yule daktari nilimkuta kwenye korido amekaa chini analia, na mimi, Mungu anisamehe, sikumwonea huruma.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wengine tunakadiria tu. Casilda hakupiga ukelele. Alirudi nyumbani, akavaa gauni jeusi, akasema na mimi jikoni, "Alinituma." Nikasubiri. "Sijafikisha," akamalizia. Tangu siku hiyo hakuwa na hitaji jingine duniani. Hakutaka fidia, hakutaka mtu afungwe. Alitaka ujumbe wa mwanawe ufike.

Tulisali rozari siku tisa kama desturi, viti vya kukodi mpaka barabarani, chai ya tangawizi, biskuti, wanaume wakicheza domino kwa sauti ya chini. Mimi ndiye niliyeongoza sala. Ninataja, watu wanaitikia, ninataja, wanaitikia, na kule kuitikia ndiko kunakombeba mfiwa asianguke. Siku ya tisa ndipo akaja Teódulo Berigüete.

Berigüete ni wa hapa hapa, mtoto wa mchinjaji, akasoma sheria akanenepa. Wakati huo ndiyo anautaka useneta kwa mara ya kwanza, chama chake rangi ya manjano. Wanasiasa kuja matangani ni kitu cha kawaida, kampeni ikikaribia wanajua misiba kuliko padri. Lakini nitasema haki yake: alikuja bila kamera. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akanywa chai, akamuuliza Casilda ilikuwaje. Casilda akaanza. Akanyamaza. Na yule bwana akangoja. Hakumsaidia maneno, hakutazama saa, hakutikisa mguu. Akangoja mpaka kila sentensi ikafika mwisho wake, na Casilda alipofika kwenye lile neno, "Waambie nataka kuishi," Berigüete akatoa leso akafuta macho.

"Mama," akasema, "nitawaambia mimi."

Alipoondoka Casilda akaniambia, "Huyu anajua kusikiliza." Hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo mdomoni mwake.

Basi ikaanza. Berigüete akaomba picha, nikampa kwa ruhusa ya mama mtu. Akaichapa kubwa. Kila mkutano alisimama mbele ya sura ya Anyelina akahubiri sababu tatu, kwamba mwanamke aruhusiwe kwa sababu tatu tu: uhai wake ukiwa hatarini, mtoto akiwa hawezi kuishi, au mimba ikiwa ya kubakwa. "Tatu," alikuwa akisema, akiinua vidole. "Sipunguzi hata moja." Akinamama tulilia, tukapiga makofi, tukampa kura zetu moyoni tangu hapo.

Mkutano wa mwisho akampandisha Casilda jukwaani. Huku kwetu mama aliyezika mtoto huvaa nyeusi miaka na miaka, na havui kwa kujiamulia. Anavuliwa na mtu mzima anayeheshimika, na anayekuvua msiba amejifunga kukubeba huo mzigo wako. Berigüete akachukua mtandio wa manjano, akamfunika nao mabegani juu ya gauni jeusi, mbele ya watu wote. "Mama huyu leo anavua nyeusi," akasema, "kwa sababu msiba wake nimeuchukua mimi." Casilda alirudi nyumbani akalikunja lile gauni, akaliweka sandukuni na vidonge vya kufukuzia nondo. Siku iliyofuata alivaa sketi ya bluu. Nilimwona akitoka nayo nikaingia stoo kulia.

Berigüete akashinda.

Sasa sikilizeni tatu zilivyoyeyuka. Mwaka wa kwanza alisema redioni tuwe na subira, Bunge lina mambo mengi. Mwaka wa pili akasema sababu ya tatu ina utata, tuanze na mbili. Kisha ikabaki moja. Kisha ile moja nayo akasema ni suala la dhamiri ya kila mtu, na yeye dhamiri yake bado anaiuliza. Siku ya kupiga kura Seneti, alitoka nje kupokea simu. Ilikuwa simu ndefu, maana aliporudi kura zilishahesabiwa na sheria imebaki vile vile. Mteja wangu mmoja, Minerva, mwanamke wa maneno machache lakini makali, alisema akiwa chini ya mashine ya kukaushia, "Berigüete ni feni. Anapuliza kila upande lakini amesimama pale pale."

Casilda hakucheka. "Labda hajamaliza," akasema. Ndivyo anavyofikiri yeye, kwamba kila mtu ana nusu nyingine inayokuja.

Ikaja kampeni ya pili. Safari hii mpinzani wa Berigüete alikuwa mtu wa makanisa, na wachungaji walishaanza kumtaja kwenye mahubiri. Tukamwona Berigüete kwenye maandamano ya kutetea uhai, kavaa fulana nyeupe, katikati ya padri na mchungaji, kashika mshumaa. Nikasema haya, kinyonga kapanda mti mwingine, tulishazoea. Sikujua yatakayofuata.

Gari la matangazo lilipita mbele ya saluni asubuhi, lile lori lenye spika nyuma na ubao mkubwa ubavuni. Nilikuwa na brashi kichwani kwa mtu. Nikainua macho nikakutana na Anyelina. Picha yangu. Dirisha langu, mkono juu ya tumbo, kicheko kile kile. Chini yake maandishi ya manjano: ALICHAGUA UHAI. Na chini zaidi: Berigüete, Seneta wa mama na mtoto.

Niliiacha ile brashi ikining'inia kwenye nywele za mtu. Nilikimbia mpaka kwa Casilda nikamkuta mlangoni, mwiko mkononi, maziwa yanadondoka chini. Lori lilishapita kwake.

"Wameandika nini?" akaniuliza. Alikuwa amesoma, alitaka tu niseme mimi.

"Wameandika kwamba alichagua uhai."

"Yaani," akavuta pumzi, "kwamba alikubali kufa."

"Ndiyo maana yake, dada. Kwamba alijitoa kwa ajili ya mtoto. Wamemfanya mtakatifu wao."

Akazima moto, akavua aproni. Sikuwahi kumwona Casilda akiacha maziwa hayajaiva.

Ofisi ya kampeni ilijaa vijana wenye fulana za manjano na harufu ya kahawa. Berigüete akatoka mwenyewe, mikono imetanda. "Mama yangu Casilda. Umenitupa."

"Nani kamtupa mwenzake?" nikasema mimi.

Akacheka. "Nurys, ulimi wako hauzeeki."

"Utazeekaje, Mheshimiwa, na kila siku unaupa kazi mpya."

Akatuingiza chumbani kwake, akafunga mlango. Casilda akakaa ukingoni mwa kiti. "Ile picha," akasema. Na Berigüete, nawaambia ukweli, akangoja, kama siku ile matangani. "Iondoe."

"Mama, ile picha inampa heshima. Hakuna neno baya pale. Tumesema uhai."

"Alisema anataka kuishi. Ulikuwa umekaa kwenye kiti changu. Nikakuambia."

Yule bwana akakuna kidevu. Alizungumza polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kweli. "Nisikilize, mama. Mkoa huu una makanisa mengi kuliko mabomba ya maji. Nikitamka sababu tatu leo, Jumapili jina langu linasomwa madhabahuni kama la shetani. Nikishindwa, anaingia yule, na yule hatawakumbuka kina Anyelina hata kwa ndoto. Niache nishinde kwanza."

Casilda akamtazama. "Ulishashinda," akasema, na mara hii hakuvuta pumzi.

Nje vijana walikuwa wanajaribu spika, moja, mbili, moja, mbili. Berigüete akatazama mikono yake mwenyewe. "Basi njoo Jumapili uwanjani," akasema mwishowe. "Nitakupa kipaza sauti. Kama picha inasema uongo, sema ukweli wewe mwenyewe. Sitakuzuia."

Njiani nikamwambia Casilda huo ni mtego. Mtu hakupi kisu akakuonyesha na tumbo. Akatikisa kichwa. "Anajua kungoja, Nurys. Umeona mwenyewe."

Ijumaa na Jumamosi tulikaa saluni tukijifunza, milango imefungwa, wateja nimewafukuza. Mimi nilikuwa na hotuba yangu tayari. "Sema hivi: huyu mtu ni mwongo, alikuwa mwongo, na mama yake alimzaa wakati wa uongo."

"Siendi kumtukana," Casilda akasema. "Napeleka ujumbe wa mtu."

Akachagua maneno yake mwenyewe, machache. Alisema atayachukua yale yale ya kwenye ubao, ayanyooshe. Ni kweli, Anyelina alichagua uhai wake. Wakamnyima. Basi. Nikasema ni mazuri, hayana pa kushikwa. "Lakini Casilda, kwa jina la Bikira, usipumzike katikati. Uyaseme kwa mkupuo mmoja." Akasimama mbele ya kioo changu, akajaribu. Mara ya kwanza alikwama. Mara ya pili alikwama. Tukanywa kahawa. Jumamosi jioni akayasema yote bila kusita, akajitazama kwenye kioo kama aliyeona mtu mwingine, akatabasamu. Nikamtengeneza nywele vizuri. Akavaa ile sketi ya bluu.

Jua la Jumapili lilikuwa la kuua. Uwanja wa besiboli umejaa manjano, ngoma na akodioni zinapasua spika, wauza barafu ya juisi wamechanganyikiwa kwa wateja. Jukwaani walikaa padri na mchungaji, kila mmoja na tabasamu lake. Nyuma yao ndipo walipomweka Anyelina, mkubwa kuliko nyumba yoyote ya mji huu. Mshereheshaji, kijana wa miwani myeusi, alikuwa na kidole juu ya mashine ya muziki muda wote, mtu akisema neno tamu kidogo anabonyeza, honi zinalia, watu wanaruka. Nilisimama chini kabisa, karibu na ngazi.

Berigüete akamshika Casilda mkono akamleta mbele. "Mama wa Anyelina," akasema tu, akarudi nyuma hatua moja.

Casilda akakamata kipaza sauti kwa mikono miwili. Uwanja ukanyamaza, hilo lazima niliseme, watu wa kwetu bado wana adabu kwa mama mfiwa.

"Ni kweli," akasema. Sauti yake ilisikika mpaka barabara kuu. "Anyelina alichagua uhai..."

Na hapo akageuka. Hatukujifunza hilo. Saluni kulikuwa na kioo tu, na sasa alikuwa na uso wa mwanawe juu ya kichwa chake, mkubwa hivyo, unacheka. Akamtazama. Akavuta pumzi.

Uwanja ukalipuka. Makofi, bendera, watu wakilia kwa furaha, padri kasimama. Kijana wa miwani akabonyeza, honi zikalia, ngoma zikaanguka juu yetu. Mimi nilikuwa napiga kelele, "Hajamaliza, hajamaliza," na mwanamke aliyekuwa karibu yangu akanikumbatia akidhani nimeguswa na Roho.

Hao wote siwalaumu. Wale hawakumjua Casilda, au walimjua wakasahau. Mimi nilimtazama mtu mmoja tu. Berigüete alijua. Katika uwanja mzima ule, nikijitoa mimi, ni yeye peke yake aliyejua kwa hakika kwamba bado kuna neno. Nilimwona akijua. Alikaa muda mdogo, mkono umening'inia, kama anayeamua. Kisha akasogea, akaushika mkono wa Casilda, akauinua juu, akaupungia watu. Kipaza sauti kikabaki chini kwenye mkono mwingine. Midomo ya Casilda ikatikisika. Nikaisoma: wake.

Jumatatu lori likapita na sauti mpya. Walikuwa wamekata pale pale palipowafaa, wakaweka gitaa taratibu chini yake. "Ni kweli. Anyelina alichagua uhai." Sauti ya Casilda mwenyewe. Kisha mwanamume wa redio: "Mama amesema. Berigüete, useneta." Likapita asubuhi, likapita mchana, likazunguka mpaka mitaa ya mashambani isiyo na umeme. Wilkin alipiga simu kutoka mashariki, ameisikia kwenye simu ya mwenzake kazini. Hakumgombeza mama mkwe wake. Aliuliza tu, "Mama, ulisema hivyo?" Casilda akasema, "Nilisema." Wilkin naye alishajifunza kungoja, akangoja. Lakini hakukuja kitu, kulikuwa na kilio tu.

Alikwenda sandukuni akatoa lile gauni jeusi. Lilinuka dawa ya nondo chumba kizima. Nikamwambia aliache, nikamwambia hilo gauni alivuliwa mbele ya watu, halivaliwi tena. "Aliyenivua," akasema, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, "amenirudishia." Akaacha kutoka nje. Pipi alikuwa akizipitishia dirishani.

Kilichofuata hakikupangwa na mtu. Jumatano nilikuwa namwosha Minerva nywele, lori likapita. "Anyelina alichagua uhai." Na mimi, kwa hasira tu, huku nimemshika kichwa, nikasema, "Wake." Minerva, macho yamefumba, sabuni mpaka masikioni, akaitikia, "Wake." Msichana anayefagia akasema naye. Tukatazamana. Ilitoka vile vile kama rozari ya siku zile tisa, mmoja anataja, wengine wanaitikia.

Alhamisi lilipopita walikuwa wanawake wa foleni nzima. Ijumaa wakasimama milangoni, wengine na watoto kiunoni. Hatukupiga kelele, hatukumtukana dereva. Lori likitaja, sisi tunaitikia, wake, nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa mtaa. Mzee Fello akatoka nyuma ya kaunta, akasimama nje na mizani mkononi. Sote tulishaitikia, yeye akakaa kimya kidogo, kisha akasema peke yake, "Wake." Mtu wa papara, jamani. Nikaingia ndani nisije nikaonekana.

Sitawadanganya kwamba ilisaidia. Mtaa mmoja si mkoa. Berigüete alishinda, na kwa kura nyingi kuliko mara ya kwanza. Redio ikasema akinamama wa huku kwetu kusini ndio waliompa. Sheria iko pale pale ilipokuwa, na hospitali bado wanangoja mioyo isimame.

Siku ya tatu baada ya kura lori likarudi kutoa shukrani. Ni desturi, mshindi anapita kuwashukuru hata waliomnyima. Tulilisikia tangu kanisani. Sauti ile ile, hawakujisumbua kurekodi nyingine. Tukatoka milangoni tukiwa tumechoka. Na mlango wa Casilda ukafunguka.

Alisimama kwenye ngazi na gauni lake jeusi, mwiko mkononi. Lori likaja polepole, Anyelina ubavuni mwake anacheka, rangi imeanza kupauka kwa jua. Likafika mbele ya nyumba. "Ni kweli," sauti ya Casilda ikamwambia Casilda. "Anyelina alichagua uhai."

Hakuna aliyeitikia. Hatukuambizana, kila mmoja alifunga mdomo wake, hata mimi. Yeye akamtazama mwanawe akipita. Akavuta pumzi. Lori likaenda, likafika kwenye kona, likakata kuelekea sokoni, na gitaa likapotea. Sisi tukawa bado tumesimama tunamngoja.

"Wake," akasema Casilda.

Kisha akarudi jikoni, maana maziwa yalikuwa yameanza kushika chini.